Sukari ya Saa Sita

Sista Maragatham hakuwa mtu wa kuamini. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje akanyoosha mkono. Ukimwambia mgonjwa amelala, alimwinamia akahesabu pumzi zake, kisha akakutazama wewe kana kwamba ndiye uliyemfanya alale. Sokoni alivunja ncha ya kila bamia kabla ya kuitia kikapuni, na wauza mboga wa mtaa wetu walimjua hivyo. Nyumbani kwa mdogo wake, alikokuwa akiishi, alikosha mchele upya baada ya wifi yake kuukosha.

Alikuwa mkuu wa wodi ya upasuaji pale Madurai, kusini mwa India, kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Mwanamke mfupi, kipini chenye jiwe jekundu puani, jivu la ibada kwenye paji la uso, na viatu vya mpira visivyotoa sauti hata kidogo. Viatu hivyo nilivichukia. Unamwandalia mgonjwa dawa, unajiona uko peke yako, mara unasikia nyuma ya sikio, "Soma tena, Jebarani."

Mimi ndiye Jebarani. Nilipelekwa chini yake nikiwa na mwaka mmoja kazini, na nilikuwa na hasira za karibu. Mhudumu wa usafi ndiye aliyeninong'oneza sababu ya ile "soma tena" yake. Zamani Maragatham akiwa kijana, wodini kulikuwa na wagonjwa wawili wenye jina moja, na mwenzake alimwambia tundika huu mfuko wa dripu, ni wa huyu, nimeshasoma. Akatundika. Haukuwa wa huyu. Mgonjwa alipona, lakini Maragatham hakupona. Tangu siku ile hakuna neno la mtu lililomtosha.

Tulikuwa na vitanda thelathini na wauguzi watatu kwa zamu. Asubuhi kila mtu anakuita: huyu bandeji imelowa, yule anataka choo, mwingine anapiga kelele kwamba chai imepoa. Maragatham aliwapita wote kama hawaoni, akaenda moja kwa moja kwa mgonjwa anayelishwa kwa mshipa. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini asianze na wanaolia.

"Anayelia ana nguvu ya kulia," alisema. "Huyu chakula chake hakipiti mdomoni wala tumboni, kinaingia kwenye damu moja kwa moja. Kikiwa kibaya, hatatapika. Atanyamaza tu. Nenda kwa anayenyamaza kwanza."

Kisha alinionyesha. Soma jina kwenye mfuko, soma jina mkononi mwa mgonjwa, mwache mwenzako naye asome. Tazama mrija unapoingilia, kama pamevimba au pana wekundu. Pima joto. Pima sukari. Mrija ule ni wa chakula tu, dawa yoyote itafute mshipa mwingine. Na mfuko usikatwe ghafla hata dunia ikiungua, maana mwili umeshazoea kupokea sukari nyingi na utaporomoka. Yote hayo aliyasema akinikazia macho, kana kwamba ameshanikamata nikiyavunja.

Mwezi wa Mei tulimpokea Poongodi, kitanda namba saba. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Homa ya matumbo ilimtoboa utumbo, madaktari wakashona, mshono ukaanza kuvuja. Utumbo ulitakiwa upumzike wiki tatu kamili, pasipite hata tone la maji. Kikipita chakula, mshono unafumuka, na safari hii tumbo lisingeweza kushonwa tena. Basi akawekewa mrija mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na mfuko mkubwa mweupe ukatundikwa.

Mumewe, Ilango, alikuwa kiwandani Tiruppur akishona fulana. Aliyekuja kumwangalia ni mama yake mume, bibi mmoja mkavu aitwaye Nachiammal, miguu mitupu, sari ya rangi ya manjano iliyopauka, ndoo ya vitu vyake mkononi. Wodi yetu ilipata mtu wa pili asiyeamini kitu.

"We Sista," alimwambia Maragatham siku ya kwanza, akiunusa mfuko. "Haya maziwa ya ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wa famasi, bibi."

"Na mbona mnaufunika mfuko kwa kitambaa? Mnaficha nini?"

"Mwanga unaharibu vitamini."

"Hmm. Mwanga." Akanitazama mimi. "Nyumbani maziwa yanakaa juani, hayaharibiki. Na mkwe wangu anakonda huku mnasema anakula."

"Mdomoni kwake kusiingie kitu," Maragatham alimwambia, kidole juu. "Si wali, si chai, si maji. Umenisikia? Nikikukamata unamlisha, utaondoka humu na ndoo yako."

"Nimesikia. Sina uziwi."

Watu walikuwa wakiruhusiwa kuingia mara mbili kwa siku: saa tano hadi saa sita mchana, na saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni. Na vipimo vya sukari vya Poongodi vilikuwa vinne: saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku, na alfajiri. Cha mchana na cha jioni Maragatham alimtoboa kidole mwenyewe. Hakumwachia mtu.

Siku ya nne, mchana, kipimo kikasoma mia mbili na themanini. Kinachotakiwa ni mia na kitu. Jioni, mia mbili na sitini. Alfajiri, mia na kumi na mbili, salama kabisa. Kesho yake mchana, mia mbili na tisini tena.

"Nani aliigusa pampu?" Maragatham aliuliza. Tulikuwa wawili pale, kwa hiyo sikuona haja ya kuuliza anamlenga nani.

"Sijaigusa, Sista."

"Spidi iliwekwa na nani?"

"Mimi, na wewe ukasoma."

"Ukaibadilisha baadaye."

"Kwa faida gani, Sista? Niipeleke wapi sukari yake, nikanywee chai?"

Aliniondoa kitanda namba saba mbele ya wagonjwa wote. Nililia kwenye chumba cha mashuka, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Yeye akavuta kiti, akakaa na saa yake akihesabu matone dakika kumi nzima. Matone yalikuwa sawasawa. Akaenda famasi akawasomesha lebo tena mpaka wakamfungia dirisha. Akabadilisha kipimo, akaleta cha wodi ya pili. Mia mbili na themanini na tano.

Daktari naye akaangalia zile namba za mchana na jioni, akaandika insulini. Ikizidi mia mbili, choma uniti nane. Na kila asubuhi achomwe ile inayofanya kazi polepole. Siku iliyofuata akaongeza. Insulini ni dawa ya kushusha sukari. Ukimchoma mtu mwenye sukari nyingi unamsaidia. Ukimchoma asiye nayo, unamuua.

Mchana Poongodi alianza kutoka jasho na kulala hovyo. Mei, Madurai, hata ukuta unatoka jasho. Hakuna aliyeshangaa.

Kisha mhudumu wa usafi akaleta kesi. "Sista, kitanda namba saba kina sisimizi. Nafuta, wanarudi. Wanapanda shukani."

Macho ya Maragatham yalimeta. Ndiyo hiyo. Sisimizi hawafuati mgonjwa asiyekula.

Saa tano alijificha nyuma ya pazia la kitanda namba nane. Mimi nilisimama mlangoni, nikiombea bibi wa watu asikutwe na kitu, na wakati huohuo nikiombea akutwe, ili mimi nitoke lawamani. Nachiammal aliingia, akakaa, akazungumza kidogo na mkwewe, akamfuta uso. Akainama juu yake akimpa mgongo Maragatham. Maragatham akatokea.

"Fungua mkoba!"

Ndani ya mkoba kulikuwa na kitana, kitambaa, na kopo la panchamirtham la hekalu la Palani, ule mseto wa ndizi, sukari guru, asali na samli ambao kila mtu wa kwetu anaujua kwa harufu tu. Lilikuwa limeliwa nusu.

"Nilijua!" Maragatham alilinyanyua kopo juu kama hakimu. "Nilijua toka siku ya kwanza! Unamtia sukari mdomoni wakati utumbo umetoboka! Unataka kumuua mtoto wa watu?"

"Sijamlisha!" Bibi alisimama wima. "Naapa kwa Murugan, mdomoni kwake sijatia kitu!"

"Na hiki amekula nani, sisimizi?"

"Nimekula mimi! Na wewe ukitaka kula, kula, labda utapata utamu kidogo mdomoni mwako!"

Wagonjwa wengine walicheka, na hilo likamwasha Maragatham zaidi. Akamfungua Poongodi mdomo, akammulika kwa tochi, akampangusa ulimi kwa pamba, akainusa pamba. Haikuwa na kitu.

"Sijala, Sista," Poongodi alisema, sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Kweli sijala." Alikuwa amekunja ngumi ya kulia kifuani. Niliiona. Nilidhani ni maumivu.

Nachiammal alitolewa nje siku hiyohiyo na mlinzi akaambiwa asimruhusu tena. Alikaa kwenye ngazi na ndoo yake, akiwaeleza wapita njia kwamba humo ndani kuna sista mwenye jicho la kunguru.

Kesho yake, mchana, Poongodi alisoma mia na ishirini na moja. Jioni, themanini na nane. Maragatham aliandika namba hizo kwa kalamu nyekundu na kunisogezea daftari. Ilikuwa kama kuniomba radhi, kwa kiasi alichoweza. Alitembea wodini akiwa mwepesi. Daktari akasema dozi ni nzuri, iendelee vilevile. Na Maragatham, aliyekosha mchele mara mbili, aliliamini jambo hilo mara moja tu. Mchawi amepatikana, basi.

Lazima niseme na langu. Alfajiri iliyofuata nilipokabidhiwa zamu, niliona kipimo kimesoma sabini na tisa. Nikarudi nyuma kwenye daftari. Alfajiri zote zilikuwa zikishuka: mia na kumi na mbili, mia na moja, tisini na mbili, themanini na nne, sabini na tisa. Nilijua kwamba hilo si la kunyamaziwa. Lakini nilikuwa bado nimevimba kwa kuaibishwa. Nikajiambia, si anasoma kila kitu mara tatu? Na asome. Sindano ya asubuhi ikachomwa.

Saa tano Ilango akafika kutoka Tiruppur, kijana mpole, nywele zimejaa manyoya ya pamba ya kiwandani. Mlinzi hakuwa na sababu ya kumzuia. Tulimpekua, hakuwa na kitu ila kipande cha jani la mgomba kilichokunjwa, na ndani yake, alisema, majivu ya hekalu aliyopewa na mama pale ngazini. Maragatham alikifungua kidogo, akaona jivu, akakirudisha. Ilango akakaa na mkewe, akamshika mkono muda wote.

Saa sita kamili Maragatham alikuja na trei. Akafuta kidole cha mkono wa kulia kwa pamba ya spiriti, akatoboa, akaweka damu kwenye kijiti.

Mia tatu na kumi na mbili.

"Haiwezekani," alisema. Kisha akamgeukia Ilango. "Umempa nini?"

"Sijampa kitu ale, Sista. Kweli."

"Familia nzima waongo!" Alivuta insulini kwenye bomba la sindano, uniti kumi na mbili, kama daktari alivyoandika kwa namba zilizopita mia tatu. Akalifunua shuka. Akashika ngozi ya tumbo.

Akasimama hapo.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nami nilikuwa nimeona alichokiona. Poongodi alikuwa amelowa chapachapa, na jasho lake lilikuwa la baridi. Midomo ilikuwa imepauka. Alituangalia lakini hakutuona. Nilipomwita jina alijibu neno lisilo na maana, kitu kuhusu mbuzi.

"Sista," nilisema, na hapo hasira yangu yote ilikwisha, nikabaki na woga mtupu. "Alfajiri ilikuwa sabini na tisa. Zimekuwa zikishuka kila siku. Niliona, sikukwambia."

Hakunigombeza. Alikuwa akiiangalia sindano yake, kisha kipimo, kisha uso wa Poongodi. "Mwenye mia tatu hawi hivi," alisema polepole. Aliiweka sindano kwenye trei. Akauchukua ule mkono wa kulia, akaufungua kiganja, akakisogeza puani.

Sisimizi mmoja alikuwa akitembea kwenye kidole cha shahada, karibu kabisa na tundu la damu.

"Maji," alisema. "Sabuni. Kimbia!"

Nilileta bakuli. Tuliusugua mkono ule, maji yakawa na rangi ya chai na harufu ya ndizi, iliki na samli. Maragatham alikausha kidole, akatoboa kingine.

Arobaini na moja.

Sitasahau sauti aliyoitoa. "Mrija wa chakula usiguswe," alisema hapohapo, kwa mazoea. "Mshipa mwingine. Jebarani, mikono yako ni midogo, tafuta wewe." Mishipa ilikuwa imelala kabisa. Nilipapasa kwenye kifundo cha mkono uleule tuliouosha, nikakosa, nikapapasa tena, nikaupata. Alisukuma glukosi kwa mkono wake, taratibu, akihesabu kwa sauti. Ilango alikuwa amepiga magoti sakafuni. Daktari akaitwa, akaja mbio, akafuta insulini yote.

Baada ya dakika chache Poongodi alifumba macho, akayafumbua, akasema, "Mbona nimelowa?"

Ilango alieleza yote akilia. Chini ya lile jivu kulikuwa na donge dogo la panchamirtham. Mama yake alimwambia amtilie mkewe kiganjani, mkono wa kulia maana sadaka ya hekalu haipokelewi kwa wa kushoto, naye Poongodi aiguse kwenye macho, aishike mpaka amalize sala moyoni mwake, kisha aifute kwa ncha ya sari. Asile hata kidogo. Sista kakataza. Ndivyo bibi mwenyewe alivyokuwa akifanya kila siku, mchana na jioni, dakika chache kabla ya trei ya Maragatham. Na mrija ulikuwa mkono wa kushoto, kwa hiyo kidole kilichotobolewa kilikuwa cha kulia, siku zote. Spiriti inaua vijidudu. Asali haiitoi.

"Kwa nini hukusema?" Maragatham alimuuliza Poongodi.

"Uliniuliza kama nimekula," alisema yule binti. "Sikula. Ningesema nimeshika, ungemfukuza mama."

Maragatham alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Alikuwa amemshuku kila mtu: mimi, famasi, pampu, bibi, Ilango. Ile pamba iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe hakuishuku hata siku moja. Sindano ngapi alikuwa amezichoma kwa namba za uongo? Alilifungua daftari akazihesabu, kidole juu ya kila mstari. Saba. Akaandika mbele ya kila moja, kwa mkono wake: *Mgonjwa hakunawishwa. Nilipima mimi.* Akatia sahihi mara saba. Nami nikaandika chini yake kwamba niliona namba za alfajiri nikanyamaza.

Kisha alishuka ngazini. Nilimfuata kwa mbali. Nachiammal alikuwa amekaa na ndoo yake, akamwona akija, akajifunika vizuri kwa sari kama anayejiandaa kwa vita.

"Umekuja kunifukuza na hapa?"

"Bibi," alisema Maragatham, na sijawahi kusikia neno likimtoka kwa shida namna ile. "Hukumlisha."

"Nilikwambia."

"Ulinambia. Sikukuamini. Kidogo nimuue."

Maragatham alimweleza yote, kuhusu mkono na kuhusu sindano. Nilitegemea matusi, na kwa kweli nilidhani tunayastahili. Bibi alishika ukuta akainuka. Uso wake ulikuwa umesawijika kabisa.

"Mdomoni ulisema kusiingie kitu," alisema. "Sikuingiza kitu. Sikujua kwamba hata mkononi."

"Hata mimi sikujua," alisema Maragatham.

Walipanda pamoja, taratibu. Bibi akafika kitanda namba saba, akamshika mkwewe paji la uso, akamtazama kifua kinavyopanda na kushuka, kama Maragatham anavyofanya. Ilikuwa inakaribia saa saba, na kipimo kilipaswa kurudiwa. Maragatham alivuta trei, akaunyoosha mkono wake kumshika Poongodi kidole.

"Ngoja," alisema Nachiammal. Aliuzuia mkono ule katikati ya njia. "Wewe umenawa?"

Mimi nilishika nguzo ya kitanda. Maragatham alikuwa amenawa, nilimwona akinawa, kabla ya kushuka.

Hakusema hivyo. Alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba, akapaka sabuni mpaka viwikoni, huku bibi amesimama kando yake, ameinamisha kichwa, akimtazama kila kidole.

"Katikati ya vidole," alisema bibi. "Rudia."

Akarudia.